Jumatatu ya Tarehe 12 Aprili: Historia ya Maisha ya Verlene Tisdale Mabry

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa hili la New Gilead, majirani wa Mtaa wa Cutler, watumishi wa mahakama na wa polisi mliokuja, wengine mkiwa bado na beji shingoni, ndugu na marafiki wote, familia ya Tisdale na familia ya Mabry zinawashukuru kwa kutoka nje katika baridi hii, na zimenituma mimi, Alton Tisdale, kitinda mimba wa nyumba yetu, niwasomee maisha ya dada yetu kama alivyoyaacha, kwa maana sehemu kubwa ya karatasi hizi alizisimulia mwenyewe akiwa kitandani, akanisimamia nikiandika, na kila nilipotaka kulainisha mahali alininyooshea kidole na kusema, "Alton, usinipake rangi, mimi si uzio."

Marehemu Verlene alizaliwa Jumamosi ya tarehe 9 Novemba 1957 huko Itta Bena, jimbo la Mississippi, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa Mzee Hosea Tisdale, aliyekuwa akilima pamba katika shamba lisilo lake, na Bi Ardella Tisdale, aliyekuwa akifua nguo za watu, na mwezi wa Juni 1963 familia ilipanda treni kwenda kaskazini hadi hapa Port Harmon, jimbo la Ohio, ambako baba alipata kazi katika kiwanda cha vioo. Inasemekana kwamba katika safari ile Verlene, akiwa na miaka mitano tu, alihesabu mabegi ya familia katika kila kituo na kumtajia kondakta wa treni kila begi ni la nani, na kondakta alipomtania kwamba begi moja ni lake yeye, alilia hadi mji uliofuata, jambo ambalo mama alilisimulia kila Krismasi mpaka tukachoka kulisikia.

Alisoma shule ya msingi ya Eastlawn kuanzia mwaka 1963, akamaliza sekondari tarehe 6 Juni 1975 akiwa wa tatu katika darasa lake, na wa kwanza na wa pili hakuwasamehe hadi anaingia kaburini, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Central State kule Wilberforce, ambako alipata shahada ya elimu ya jamii mwezi wa Mei 1979. Tangu mwaka huo hadi 1986 alifanya kazi ya kuwasimamia vijana waliofungwa kifungo cha nje hapa mjini, akiwatembelea majumbani kwao akiwa na gari la baba lisilo na hita, na ni katika kazi hiyo alipowafahamu wasichana ambao kila mmoja alikuwa na faili polisi, faili hospitali na faili mahakamani, na hapakuwa na mtu hata mmoja aliyekuwa amezisoma zote tatu.

Tarehe 8 Septemba 1986, baada ya mafunzo ya wiki kumi na sita huko Virginia, alikula kiapo cha mpelelezi wa serikali kuu, akiwa mwanamke wa pili mweusi kupangiwa ofisi ya hapa, na kwa miaka ishirini hivi alifuatilia wizi wa benki, utekaji na rushwa ya wakubwa, kazi ambazo alizifanya vizuri bila kuzipenda, hadi mwaka 2007 alipokabidhiwa kile alichokuwa akikiomba kwa barua kila Januari, yaani kikosi cha pamoja cha kupambana na wale wanaouza watu kwa ngono, kikiwa na wapelelezi wa serikali kuu, askari wa mji, na waendesha mashtaka wa serikali kuu chini ya wakili Philip Ostrander, ambaye tunaye hapa leo, benchi la nne upande wa dirisha.

Katika ndoa, marehemu alifunga pingu za maisha na Bwana Cleophus Mabry, fundi wa mabasi ya mji, tarehe 14 Mei 1983, katika kanisa hili hili, na wakajaliwa watoto wawili, Thaddeus aliyezaliwa tarehe 2 Machi 1985 na Roslyn aliyezaliwa tarehe 19 Agosti 1989. Shemeji Cleophus alikuwa mtu wa maneno machache, na machache hayo yalitosha, kwani siku moja marehemu aliporudi nyumbani baada ya safari ya kikazi ya siku sita, alimfungulia mlango, akamtazama juu hadi chini, akasema, "Karibu mgeni, mwenye nyumba katoka, lakini akirudi nitamwambia ulipita," na wote wawili walicheka mpaka watoto wakaamka, ingawa Roslyn anasema kwamba alipokuwa mkubwa aligundua kuwa baba hakuwa anatania sana.

Sasa tunarudi kwenye kazi, kwa sababu marehemu aliagiza kwamba hapa ndipo tukae muda mrefu, na aliagiza pia kwamba tueleze jinsi walivyofanya kazi, ili atakayemhukumu amhukumu kwa kipimo alichokiweka yeye mwenyewe. Kabla ya kikosi kile, mpelelezi alikuwa akikamata kwanza na kumtafuta mwendesha mashtaka baadaye, naye mwendesha mashtaka akisoma jalada hukuta nusu ya ushahidi hauna maana mahakamani, na katikati yao msichana aliyeuzwa alikuwa akihojiwa na watu kumi na wawili, kila mmoja akitaka aanze tena mwanzo, hadi anachoka na kunyamaza. Verlene na Wakili Ostrander walikubaliana kwamba mwendesha mashtaka aitwe tangu siku ya kwanza, kwamba msichana ahojiwe na watu wawili tu na wawe wale wale, mmoja akiuliza na mwingine akiandika, bila sare na bila bunduki mezani, na ale kwanza, kwamba asikamatwe mtu kabla ya kupatikana mahali salama pa wasichana kulala, na kwamba stakabadhi za hoteli, simu na matangazo vitafutwe mpaka kesi isimame kwa miguu yake, mzigo wote usimwelemee msichana peke yake.

Kila Jumanne saa tatu asubuhi walikutana wote katika chumba kisicho na madirisha, kukiwa na kahawa mbaya na maandazi ya sukari ambayo askari wa mji waliyamaliza kabla ya sala, na ukutani palikuwa na ubao mweupe ambao Verlene alikuwa akiulinda kama jiko lake, kila kazi ikiandikwa kwa kalamu yake na pembeni jina la mtu mmoja, mmoja tu, kwa sababu alisema kazi yenye wenyewe wawili haina mwenyewe hata mmoja. Waliokuwa katika kikosi wanamkumbuka akigonga ubao kwa kalamu na kuuliza, "Hili begi la nani?" na hakuna aliyeruhusiwa kutoka kabla halijapata mwenyewe.

Kesi kubwa ya kikosi hicho ilikuwa ya mtu aitwaye Dwight Ransley, mwenye studio ya kupiga picha barabara ya bandarini, ambaye kwa miaka mitano aliwavutia wasichana wa mji huu huu, mabinti wa watu tunaosali nao, kwa ahadi ya kuwapiga picha za matangazo, akawatia katika madeni ya nguo na chumba, akawapiga, na kuwauza katika hoteli za barabara kuu kuanzia hapa hadi Indiana. Alikamatwa tarehe 17 Septemba 2009, na wasichana saba walitolewa siku hiyo, lakini sita kati yao waliogopa kusimama mahakamani, na aliyekubali alikuwa mmoja, binti wa miaka ishirini na mbili ambaye katika nyaraka za kesi aliitwa Shahidi wa Tatu ili jina lake lisijulikane, nasi tutamwita hivyo mpaka tufike mahali ambapo ametuambia tuache.

Shahidi wa Tatu hakuwa mtu wa kubembelezwa, na siku ya kwanza ya mahojiano alikula baga mbili, akapangusa mikono na kuwaambia wote wawili, "Bi Mabry, Wakili, nyinyi mnaongea vizuri sana, hata Ransley alikuwa anaongea vizuri, kwa hiyo mimi nitawaangalia miguu, mnakokwenda," na Verlene alimpenda kuanzia dakika ile, na Wakili naye vilevile, na marehemu alitwambia kwamba hapo ndipo palipoharibikia, kwa sababu kila mmoja wao alitaka kuwa yule ambaye binti anamwamini zaidi. Kwa miezi saba walimhoji, wakamtafutia chumba, wakamwandikisha katika mafunzo ya uuguzi msaidizi, na wakampa maelekezo ya siku ya kesi, kwamba Jumatatu ya tarehe 12 Aprili 2010 afike mahakamani, apande ghorofa ya tatu, akae kwenye benchi nje ya chumba cha mahakama, na asizungumze na mtu yeyote, awe askari au karani, mpaka amwone Bi Mabry au Wakili Ostrander kwa macho yake, maana jamaa za Ransley walikuwa wakizunguka.

Alhamisi ya tarehe 1 Aprili jaji aliahirisha kesi hadi tarehe 10 Mei, na Jumanne iliyofuata, tarehe 6, ubaoni paliandikwa kazi ndogo ya kumjulisha Shahidi wa Tatu tarehe mpya. Mratibu wa mashahidi, ambaye ndiye mwenye kazi hiyo siku zote, alikuwa amekwenda kujifungua, kwa hiyo Wakili alisema, "Nitampigia mimi," Verlene akasema, "Wewe ukipiga atadhani kesi imekufa, ananisikiliza mimi," Wakili akacheka akasema, "Wivu huo, mama, basi tuandike wote wawili," na dada yetu, ambaye kwa miaka mitatu alikuwa hajawahi kuandika majina mawili mbele ya kazi moja, aliyaandika, kwa utani, na watu wakacheka, kikao kikaendelea. Wakili alijua Bi Mabry atapiga, Bi Mabry alijua Wakili ameshapiga, na simu ya binti yule haikuita.

Tarehe 15 Aprili walipomtafuta kwa ajili ya maandalizi, simu yake ilikuwa imezimwa na chumba chake kitupu, na kikosi kizima kikaingiwa na hofu, kwa sababu bila yeye Ransley angetoka. Sheria ya nchi yetu inaruhusu shahidi muhimu anayekwepa mahakama kukamatwa na kuwekwa mahabusu mpaka atoe ushahidi, na utaratibu wake ni kwamba mwendesha mashtaka huandika hati ya kiapo, na mpelelezi ndiye anayeapa mbele ya jaji na kutia sahihi, kwa hiyo Jumatatu ya tarehe 19 Aprili Wakili aliandika kwamba shahidi, baada ya kujulishwa ipasavyo tarehe mpya ya kesi, ametoweka kwa makusudi, akiamini kwamba mpelelezi wake alimjulisha, na Verlene akaisoma hati ile, akaamini kwamba mwandishi wake ndiye aliyemjulisha, akainua mkono wa kulia, akaapa, akatia sahihi.

Shahidi wa Tatu alikamatwa Jumatano ya tarehe 21 Aprili, saa tisa alasiri, katika mji wa Lima, kwenye kibaraza cha mama yake mdogo, wakati watoto wa mtaa wakirudi shule na majirani wakiwa wamesimama na mipira ya maji mkononi, na mama mdogo, ambaye alimlea, aliuliza amefanya nini, akajibiwa kwamba amekimbia mahakama. Alipelekwa mahabusu akiwa na pingu, akavalishwa nguo za rangi ya chungwa, na mtihani wake wa uuguzi msaidizi ulikuwa tarehe 3 Mei.

Ijumaa ya tarehe 30 Aprili marehemu alikwenda mahakamani kukagua vyombo vya kusikilizia sauti zilizorekodiwa, na mlangoni palikuwa na mlinzi mzee, Bwana Lucius Fenn, ambaye kazi yake ilikuwa kupokea simu za watu, kwa kuwa simu haziruhusiwi ndani ya jengo lile, na kuandika katika daftari jina la mwenye simu, saa aliyoiacha na saa aliyoichukua. Mzee Fenn alimuuliza, kwa nia njema kabisa, "Bi Mabry, yule binti wenu mwenye koti la kijani mlimpata lakini? Kakaa pale juu kama mtoto anayesubiri kuchukuliwa shule, namuuliza nani namwita, anatikisa kichwa tu, nikampa peremende," na Verlene akamuuliza lini, naye akafungua daftari, akarudisha kurasa, akaweka kidole kwenye mstari.

Dada yetu alisema kwamba aliusoma mstari ule mara tatu. Binti alikuwa amekuja. Alikuja siku aliyoambiwa na saa aliyoambiwa, akakaa mahali alipoambiwa bila kuzungumza na mtu kama alivyoambiwa, bila simu mkononi kwa kuwa ilikuwa mlangoni, hadi mchana, mdogo wake Ransley alipotokea kwenye korido kwa shughuli zake nyingine na kumtazama, ndipo akashuka ngazi, akachukua simu yake, akaizima kwa sababu mtu yule aliijua namba, na akapanda basi kwenda kwa mtu pekee aliyebaki naye duniani, akiamini kwamba miguu aliyokuwa akiiangalia ilikwenda kwingine.

Marehemu alivuka barabara moja kwa moja hadi ofisini kwa Wakili, akafunga mlango na kumweleza, na Wakili akasema, "Verlene, tukimtoa leo, baada ya tuliyomfanyia, unadhani atarudi? Wewe ungerudi? Na asiporudi Ransley anatoka akipiga mluzi, halafu tuwaeleze nini wale sita wengine?" na Verlene akasema, "Tumeapa uongo, Phil," naye akajibu, "Tumekosea, uongo ni kujua," na dada yetu akasema, "Sasa tunajua." Chumba cha jaji kilikuwa ghorofa moja tu juu ya pale alipokuwa amesimama na Mzee Fenn, na mpelelezi aliyeapa hahitaji ruhusa ya wakili kwenda kusahihisha kiapo chake, alilijua hilo kuliko mtu yeyote katika kikosi, na hakwenda. Bwana Ostrander ametuomba tusome sehemu yake bila kuipunguza, akasema kwamba neno la kutokwenda lilikuwa lake kwanza, nasi tumeisoma, lakini marehemu aliandikisha hapa kwamba miguu ilikuwa yake.

Tarehe 4 Mei walikwenda wawili hao mahabusu kumwandaa shahidi, mmoja akiuliza na mwingine akiandika kama desturi yao, na kabla ya swali la kwanza binti aliweka mikono mezani, akamtazama Verlene na kusema, "Bi Mabry, mimi nilikuja," na Verlene, akiwa na mstari wa lile daftari ameunakili katika kijitabu kilichokuwa mfukoni mwake, alisema, "Tutaongea baada ya kesi." Katika maisha yote ya dada yangu, aliyesema maneno mengi, makali na ya kuchekesha, hayo manne ndiyo aliyoyarudia mara nyingi zaidi akiwa kitandani, wakati mwingine akiwa macho na wakati mwingine usingizini.

Shemeji Cleophus alisema kwamba wiki zile mbili alipika mboga za majani na mifupa ya nguruwe, akapika mkate wa mahindi, akapika hata kambare ambaye hakupenda harufu yake, na mke wake hakugusa kitu, na alipomuuliza kulikoni alijibiwa neno moja, "Kazi," naye akaosha vyombo.

Shahidi wa Tatu alitoa ushahidi tarehe 13 Mei 2010, akiwa amekaa mahabusu siku ishirini na mbili, na kumi na tatu kati ya hizo zilikuwa siku ambazo dada yetu alijua. Alizungumza kwa saa tano, hakulia, hakubadilisha neno, na aliposhuka kizimbani alipita mbele ya meza ya mashtaka bila kumtazama mtu, na tarehe 19 Mei baraza la raia walioketi kuisikiliza na kuiamua kesi lilimtia Ransley hatiani kwa makosa yote kumi na moja, na jaji akampa miaka thelathini, na mwezi wa Oktoba marehemu alipewa ngao ya shaba katika dhifa yenye kitambaa cheupe mezani. Ngao hiyo mlioingia nyumbani kwake mliiona, ilikuwa imetundikwa jikoni ikitazama ukuta, na mtu akiuliza alikuwa akisema ndivyo inavyopendeza.

Shemeji Cleophus aliaga dunia kwa ugonjwa wa moyo tarehe 11 Februari 2011. Marehemu alistaafu tarehe 30 Novemba 2014, kwa sheria inayowalazimu wapelelezi wa serikali kuu kuondoka wakifika miaka hamsini na saba, na siku nne kabla ya hapo aliandika maelezo kamili kuhusu kiapo kile na kuyapeleka kwa wakubwa wake na kwa jaji, na wakubwa, baada ya mashauriano, wakampa karipio la maandishi, mtu aliyebakiza siku nne kazini, jambo ambalo alisema ni sawa na kumchapa farasi aliyekwisha kufa.

Tarehe 18 Juni 2016 aliendesha gari hadi Lima na kumkuta Shahidi wa Tatu, ambaye sasa anaendesha basi la shule, akiosha basi lake, akampa barua ya kurasa sita, na yule mama akaisoma yote pale pale akiwa na sponji mkononi, kisha akasema, na haya ni maneno yake kama marehemu alivyoyashika, "Bi Mabry, umeniandikia mimi, mimi ambaye nilikuwepo. Mimi najua nilikuja. Mama mdogo amekufa akijua nilikimbia, mtaa mzima ulinitazama nikiingizwa kwenye gari, na mpaka leo nikipeleka watoto wao shule kuna mmoja ananiuliza kama ni kweli niliwahi kufungwa. Usiniombe samahani kwenye bahasha. Simama mbele ya watu, ukaseme." Verlene alimwambia atafanya hivyo, naye akajibu, "Tutaona miguu."

Mchungaji ni shahidi wetu kwamba tangu Jumapili ya tarehe 26 Juni 2016, wakati wa shuhuda, dada yetu alikuwa akisimama katika benchi la pili kulia, Mchungaji akimuuliza, "Dada Mabry, una neno?" naye akishika mgongo wa benchi la mbele, akifungua mdomo, akimshukuru Mungu kwa afya na kukaa, na sisi tulidhani ni mtu wa shukrani. Alifanya hivyo kwa miaka saba, na afya yenyewe ilipoondoka bado aliishukuru.

Kuhusu ugonjwa, marehemu alianza kulalamika maumivu ya mgongo mwezi wa Agosti 2023, akidai ni godoro, na tarehe 10 Oktoba vipimo vilionyesha saratani ya kongosho iliyokwisha kusambaa, na madaktari walijitahidi kwa dawa hadi Desemba, alipoomba aachwe nyumbani. Tarehe 29 Januari alinituma Lima kumuuliza yule mama kama ingefaa neno lake lisemwe siku ya mazishi, kwa kuwa yeye hana tena miguu ya kusimamia, na nilikaa kiti cha mbele cha basi lake, nikasubiri mpaka watoto wote wameshuka, kisha akanijibu, "Mwambie kachelewa, na mwambie nitakuja kusikiliza." Nilipomfikishia majibu hayo alicheka kidogo, kisha akalia sana, na akataka tuanze kuandika siku ile ile.

Marehemu Verlene aliaga dunia nyumbani kwake, Mtaa wa Cutler namba 418, Jumamosi ya tarehe 17 Februari 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na sita, mkono mmoja ukiwa kwa Thaddeus na mwingine kwa Roslyn, na ameacha watoto hao wawili, wajukuu watatu, ndugu watatu, na kijitabu kimoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa wale waliokuja nyumbani mwezi wa mwisho na kumvumilia alipowauliza kila dawa ni ya nani na nani ameiidhinisha, inawashukuru majirani, na kwa namna ya pekee Bi Ofelia Trujillo aliyesafisha theluji ya mlangoni kila asubuhi bila kuombwa, inawashukuru akina mama wa kanisa kwa vyakula vinavyotusubiri ukumbini, na inawashukuru wenzake wa kikosi cha pamoja, ambao wametuambia kwamba kuanzia Jumanne iliyopita ubao wao una mstari mwekundu, na mbele ya kila kazi hakuna nafasi ya zaidi ya jina moja.

Na sasa nasoma ukurasa ulionakiliwa kutoka daftari la mlangoni, kama alivyoagiza nisimame wima, nisome polepole na nitaje jina lote, kwa ruhusa ya mwenye jina, ambaye ameketi benchi la pili kulia, mahali pa dada yetu, akiwa na koti la kijani: Jumatatu, tarehe 12 Aprili 2010, simu moja, nyeusi, imepokelewa saa mbili na robo asubuhi, imechukuliwa saa sita na dakika kumi mchana, ya Corinda Faye Bascombe. Hakukimbia mahakama. Aliambiwa aje, naye alikuja, na aliyeapa kinyume chake ni Verlene Tisdale Mabry, na alijua.

Umeshasema, dada. Keti sasa, upumzike.